Masanduku ya Huzuni

Biblia yetu ina masanduku mengi kuliko tunavyokumbuka. Nuhu alipewa vipimo vya safina mpaka dhiraa ya mwisho. Mama yake Musa alitengeneza kisafina cha manyasi, akakipaka lami, akamlaza mwanawe ndani yake. Wana wa Israeli walilibeba Sanduku la Agano jangwani, na Waraka kwa Waebrania (9:4) unatutajia kilichokuwamo: mbao za agano, fimbo ya Haruni iliyochipuka, na chombo chenye mana. Ukiiacha dhahabu iliyopambiwa, vitu vile visingepata mnunuzi sokoni. Ni mawe, ni fimbo, ni chakula cha jana. Lakini Mungu mwenyewe aliagiza mana ile itunzwe, ili watoto ambao walikuwa hawajazaliwa waje kujua baba zao walilishwa na nani.

Tunaanza na masanduku hayo kwa sababu tunataka kuzungumza habari za mtu aliyetumia maisha yake kutengeneza masanduku. Tunataka pia kugusa jambo ambalo katika sharika zetu huzungumzwa kwa sauti ya chini: tufanye nini na vitu vya wapendwa wetu waliotangulia, na tufanye nini na ndoto tulizokuwa nazo juu yao?

Mtu huyo ni Joseph Cornell, msanii wa Marekani. Kazi zake tuliziona kwa mara ya kwanza tulipokuwa katika ujumbe wa wachungaji uliotembelea sharika rafiki nchini humo. Wenyeji walitupeleka kwenye jumba la sanaa la Art Institute of Chicago, lenye mkusanyiko mkubwa wa kazi zake. Tulikuwa tumechoka kwa kutembea, na wengine tulikuwa tunatafuta mahali pa kuketi. Ndipo tukakuta visanduku vya mbao vyenye kioo mbele, vingine si vikubwa kuliko redio ya mezani. Ndani yake mlikuwa na picha za ndege zilizokatwa vitabuni, bilauri, pete za chuma, mipira midogo, vipande vya ramani za nyota. Mwenzetu mmoja akauliza kama hivi ni vitu vya kuchezea watoto. Hakuna aliyemjibu. Sote tulikuwa tumeinama kuchungulia, kama watu wanaochungulia dirishani kwa jirani.

Cornell alizaliwa tarehe 24 Desemba 1903, mkesha wa Krismasi, katika mji wa Nyack, jimbo la New York. Baba yake alifariki mwaka 1917, Joseph akiwa na miaka 13, akaacha mjane, watoto wanne na madeni. Familia ikaihama nyumba yake kubwa. Mtoto wa mwisho, Robert, alikuwa na mtindio wa ubongo na hakuweza kutembea. Joseph, kifungua mimba, alifanya kazi ya kuuza vitambaa ili kuwatunza. Kuanzia mwaka 1929 yeye, mama yake na Robert waliishi katika nyumba ndogo kwenye barabara ya Utopia Parkway, eneo la Queens, na hapo ndipo alipofia tarehe 29 Desemba 1972. Hakuoa. Hakusoma chuo cha sanaa. Hakuvuka bahari hata mara moja, ingawa alizijua hoteli za Ufaransa kwa majina na kubandika matangazo yake ndani ya visanduku vyake, kama msafiri aliyerudi jana.

Kazi yake ilikwenda hivi. Akiwa mjini aliingia katika maduka ya vitabu vikuukuu na ya vitu vya bei rahisi, akanunua picha, ramani, viko vya udongo, maganda ya kombe, vidoli. Usiku, mama na Robert wakishalala, alikaa kwenye meza ya jikoni akikata na kugundisha. Baadaye alihamia chumba cha chini ya nyumba, akakijaza makopo na maboksi, kila moja limeandikwa kilichomo. Jirani mmoja alimfundisha useremala. Mbao mpya alizipaka rangi, akazikwangua, nyingine akaziweka hata kwenye oveni, mpaka kisanduku kikaonekana kama kimeshushwa kutoka darini kwa bibi. Sanaa ya namna hii ni ya vitu mchanganyiko. Msanii hachongi wala hachori tu. Huokota vilivyoachwa na wengine na kuviweka pamoja mpaka vianze kusemezana.

Kisanduku chake cha mwaka 1936, cha mapovu ya sabuni, kina kiko cha udongo cha kupulizia mapovu, ramani ya mwezi, kichwa cha mwanasesere, na yai lililokaa ndani ya bilauri. Kila mzazi anajua povu la sabuni hudumu muda gani. Lakini kiko kimebaki, na mwezi umebaki, na yai bado linangoja. Mwaka 1940 alitengeneza kingine kwa kumbukumbu ya Marie Taglioni, mcheza dansi mashuhuri wa karne ya 19. Hadithi inasema kwamba usiku mmoja huko Urusi mnyang'anyi alisimamisha gari lake la farasi, akamwamuru acheze juu ya ngozi iliyotandikwa kwenye theluji. Basi tangu siku ile akawa anaweka kipande cha barafu katika kasha lake la vito, ili kuukumbuka usiku ule. Cornell akatengeneza kasha la mbao lililowekwa mahameli ndani, akapanga humo vipande vya kioo vya mraba vinavyofanana na barafu. Barafu huyeyuka, kioo hakiyeyuki. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote: kukitafutia kinachoyeyuka mwili usioyeyuka.

Sisi Waswahili tuna jina la dharau kwa ndoto za mchana. Tunaziita ndoto za Alinacha. Tulisimuliwa tukiwa wadogo jinsi alivyoketi mbele ya kapu lake la vyombo vya kioo, akawaza faida, akawaza jumba, akawaza mke wa heshima, na katika kuwaza huko akarusha teke, vyombo vyote vikavunjika. Ni onyo jema kwa vijana wanaotaka utajiri bila jasho. Lakini Alinacha aliota juu ya kile alichotaka kupata. Wapo wanaoota juu ya kile walichopoteza: mjane anayesikia hodi saa ile ile mumewe aliyokuwa akirudi, au baba anayewaza shamba lingekuwaje kama mwanawe angalikuwapo kulilima. Hawa hawavipigi teke vioo vyao. Wanavifuta vumbi. Ndoto ya namna hii tusiihesabu upesi kuwa ni upungufu wa imani, maana mara nyingi ni upendo ambao umekosa pa kwenda.

Kuna jambo moja katika habari za Cornell ambalo kwetu sisi Walutheri lina uzito wa pekee. Tangu miaka ya 1920 mpaka kufa kwake alikuwa mfuasi wa Sayansi ya Kikristo, kanisa lililoanzishwa Marekani na Mary Baker Eddy. Kanisa hilo hufundisha kwamba roho ndiyo halisi, na kwamba mata, pamoja na ugonjwa, havina uhalisi wa kweli. Fundisho hilo sisi hatulikubali. Lakini itazameni mikono ya mtu huyu. Kwa kinywa alikiri kwamba vitu si halisi, na kwa mikono aliokota kila kitu kidogo kilichoelekea kupotea, akakipatia mahali pa heshima. Mikono yake ilijua jambo ambalo Katekisimu yetu hutufundisha waziwazi: Mungu hakuona haya kushika vitu. Anatujia katika maji ya ubatizo, katika mkate na divai. Neno alifanyika mwili, akawa na uzito wa mtoto, akalazwa katika hori, nalo hori ni sanduku la kulishia ng'ombe. Kwa hiyo Mlutheri anapoishika khanga ya mama yake marehemu na kulia, hajaanguka kutoka imani ya juu kwenda imani ya chini. Yuko palepale Mungu alipotukuta, katika mambo yanayoshikika.

Martin Luther mwenyewe alimzika binti yake Magdalena mwaka 1542, binti akiwa na miaka 13, naye alilia wala hakujificha. Mtu aliyeuhubiri ufufuo hakuona kwamba machozi yanaukana ufufuo.

Februari 1965 Robert alifariki. Kwa miaka mingi Joseph alikuwa amemlisha, amemsomea, amecheza naye treni zake ndogo. Robert alikuwa anapenda kuchora wanyama, na michoro yake ilibaki ndani ya nyumba. Joseph aliichukua akaanza kuiweka ndani ya kazi zake mwenyewe za karatasi, ili mikono yao miwili ikutane kwenye ukurasa mmoja. Mwaka 1966 kazi hizo zilionyeshwa hadharani kwa kumbukumbu ya Robert. Mwaka huohuo mama yao naye akafariki, Joseph akabaki peke yake katika nyumba ile. Hatusemi kwamba masanduku yalimponya. Alikuwa mtu mpweke, na upweke wake uliongezeka. Tunasema tu kwamba huzuni yake ilipata kazi ya kufanya, na kwamba katika kazi hiyo ndugu yake aliendelea kuwa ndugu.

Tusingaliandika habari hizi kama zisingalitugusa nyumbani. Mama yetu alifariki miaka minne iliyopita, kijijini kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, tukamzika kihambani kando ya baba. Siku za maombolezo zilipokwisha, sisi watoto wake watano tuliketi pamoja na wazee wa ukoo ili tugawane vitu vyake. Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la bati la rangi ya kijani, ufunguo wake umefungwa kwenye pindo la kitenge. Juu tulikuta tulivyotazamia: khanga za sherehe, vitambaa vya kufuma, bahasha za ahadi za usharika zilizopangwa mwaka kwa mwaka. Chini kabisa palikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi.

Ndani ya mfuko mlikuwa na vitu vya kaka yetu, aliyezaliwa kabla yetu sote na kufariki kwa homa akiwa na miezi tisa. Tulijua alikuwapo, kwa maana kaburi lake dogo tulilipalilia kila Desemba. Lakini mama hakuwa na desturi ya kumtaja. Tulikuta kofia yake ya sufu. Tulikuta kadi ya kliniki yenye mstari wa uzito, unaopanda vizuri mwezi kwa mwezi, halafu unakoma katikati ya karatasi. Tulikuta cheti chake cha ubatizo.

Kisha tukakuta vitu ambavyo kaka yetu hakuwahi kuvishika. Palikuwa na daftari la mistari, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na juu yake mama ameandika jina lake na Darasa la Kwanza. Kurasa zote zilikuwa tupu. Palikuwa na leso nyeupe iliyotariziwa herufi za jina lake kwenye pembe, leso ya kijana wa kipaimara. Palikuwa na picha ya meli iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani, ambayo mpaka leo hakuna kati yetu anayejua maana yake. Tukaelewa kwamba mama yetu, huku akitulea sisi watano, kupika, kulima na kuimba kwaya, alikuwa amemlea na wa sita ndani ya sanduku. Alimpeleka shule mwaka uliompasa. Akamsimamisha mbele ya madhabahu pamoja na rika lake.

Baba mdogo mmoja alisema vitu vya marehemu namna ile havikai nyumbani, tuvichome kabla jua halijazama. Mwingine alisema kwamba mama, pamoja na kusali kwake kote, hakuwa ameupokea mpango wa Mungu. Neno hilo lilituchoma sana, na chumba kikawa kimya. Kwa kuwa kazi yetu ni uchungaji, macho ya watu yakatuelekea.

Hatukuwa na hotuba. Tulikichukua kile cheti cha ubatizo tukakisoma kwa sauti: jina la mtoto, tarehe, jina la usharika, na kwamba alibatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Tukasema kwamba katika sanduku hili kuna vitu vya namna mbili. Viko ambavyo mama alimwazia mwanawe, na kiko ambacho Mungu alimwahidi. Daftari na leso ni mawazo ya mama, na mawazo ya mama hayakutimia. Karatasi hii ni ahadi, na aliyeitoa hajafa. Mama aliviweka pamoja, naye Mungu hakuvitenga kwa miaka yote hiyo. Sisi ni nani hata tuvitenge leo kwa moto?

Shangazi yetu mzee, ambaye alikuwa hajasema neno, akanyosha mkono akaomba ile kofia. Akaigeuza, akatazama mshono wa ndani. "Hii niliifuma mimi," alisema. Halafu akaanza kutusimulia habari za kaka yetu: jinsi alivyokuwa akicheka akiona moshi, jinsi alivyolala tu akiimbiwa wimbo mmoja. Tulikaa mpaka giza likaingia. Tulikuwa tumeishi zaidi ya miaka arobaini bila kuzisikia habari hizo. Sanduku lipo kwa mdogo wetu wa mwisho, aliyebaki na nyumba, na kila kitu kimo.

Ndipo tulipoyakumbuka masanduku ya Cornell, tukatafuta kusoma zaidi habari zake, na kuna kimoja ambacho tunakirudia mara kwa mara. Alikitengeneza miaka ya 1950 mwanzoni, kwa heshima ya mshairi Emily Dickinson. Ndani yake ni peupe, kama chumba kilichofagiliwa. Pana kijiti cha ndege cha kutulia na wavu wa waya kama wa tundu, na ukutani kuna kidirisha kilichofunguka kwenye rangi ya buluu ya anga. Ndege hayupo. Msanii hakutuambia kama ndege amekufa au ameruka. Aliacha dirisha wazi.

Cornell hakuwa akihubiri Pasaka, nasi hatutamtia maneno kinywani. Lakini Mkristo hawezi kutazama tundu tupu lenye dirisha wazi asikumbuke asubuhi ile wanawake walipokwenda na manukato kumtunza maiti. Walikwenda kuhifadhi. Walikuta kaburi tupu. Hapo ndipo imani yetu inapopita kazi ya msanii, hata msanii hodari. Kisanduku kinaweza kutunza kisiharibike kile kilichobaki. Hakiwezi kumrudisha aliyeondoka. Anayefanya hivyo ni mmoja tu, naye hakuhifadhiwa kaburini, alifufuka. Na kwa sababu hiyo sanduku letu nalo lina hatari yake. Mtu anaweza kujifungia humo pamoja na marehemu wake, akaacha kuwaona walio hai wanaopiga hodi. Mama yetu alilifungua sanduku lake, akalifunga, akaenda kwaya. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo lake, si shingoni.

Basi tunawaomba wapendwa katika sharika zetu mambo machache. Tunapokwenda kwenye msiba, tusiwe wepesi kumwambia mfiwa aache kulia kwa kuwa ni kazi ya Mungu. Zaburi ya 56 inatuonyesha Mungu anayekusanya machozi ya mtu katika chupa yake. Anayeyakusanya hawezi kutuagiza tuyakaushe haraka. Tunapogawana vitu vya marehemu, tusitazame mashamba na mabati peke yake. Tuulize pia ni kitu gani alikishika kila siku, na nani anajua habari zake. Na tunapokusanya kumbukumbu hizo, tusiache kuweka kando yake neno la ahadi: cheti cha ubatizo, aya ya kipaimara, wimbo uliombeba.

Tena tusiwasahau watoto. Katika misiba yetu watoto hutumwa kwa jirani, na huambiwa kwamba babu amesafiri. Mwaka 1972, mwaka uleule wa kufa kwake, Cornell alifanyiwa maonyesho mjini New York kwa ajili ya watoto. Visanduku viliwekwa chini, usawa wa macho yao, na badala ya vinywaji vya wakubwa wageni wale wadogo walipewa keki na soda. Hilo ni jambo tunaloweza kulifanya. Habari za waliotangulia, na habari za ufufuo, tuzishushe mpaka usawa wa macho ya mtoto. Jumapili za mwisho wa mwaka wa kanisa, tunapotafakari uzima wa ulimwengu ujao, mtoto wa Shule ya Jumapili angeweza kuja na kitu kimoja cha bibi yake, akakieleza mbele ya wenzake. Tungesikia mahubiri ambayo sisi wachungaji hatuwezi kuyahubiri.

Baada ya maelfu kula na kushiba, Bwana wetu aliwaagiza wanafunzi wakusanye makombo, wakajaza vikapu kumi na viwili (Yohana 6). Aliyekuwa ametoka kuumba mkate kwa neno hakuwa na haja ya makombo. Aliyataka yakusanywe kwa sababu mbele zake hakuna kilichokuwa chake kikahesabiwa takataka. Ndugu msomaji, kama nawe unalo sanduku chini ya kitanda, au mfuko uliofungwa kwa uzi, au ndoto ambayo hujamwambia mtu, usilionee haya. Lifungue mbele za Bwana. Liache kaa humo machozi, liache kaa humo tumaini. Naye aliyeagiza makombo yakusanywe ayakusanye na yetu, mpaka siku atakapoturudishia wote tuliowalilia. Amina.